Madoa Mekundu Kwenye Ramani: Setilaiti Zinavyotueleza Mienendo ya Moto wa Chyulu

Mkazi yeyote wa Emali anazijua dalili. Mwezi wa Agosti au Septemba, masika yakiwa yamepita zamani na vuli bado iko mbali, moshi huonekana upande wa kusini, juu ya milima ya Chyulu. Usiku ukiingia, moshi huo hugeuka mstari mwekundu unaotambaa mlimani. Kesho yake maswali sokoni ni yale yale ya kila mwaka: Panaungua wapi hasa? Utafika huku? Na nani amewasha?

Kwa miaka mingi majibu yalitegemea ni nani aliyekuwa karibu na ni nani anayesimulia. Siku hizi tuna shahidi mwingine. Setilaiti zinazopita juu yetu zimekuwa zikiweka kumbukumbu ya moto wa nyika duniani kote, Chyulu ikiwemo, tangu mwisho wa mwaka 2000. Kumbukumbu hiyo hutolewa bure, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuitazama.

Makala haya yanaeleza jinsi setilaiti zinavyouona moto, tunachoweza kujifunza tukiziunganisha rekodi za miaka mingi, na jambo ambalo setilaiti haiwezi kutuambia hata kidogo. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Doa jekundu likisomwa vibaya linaweza kumtwika lawama mtu asiye na hatia.

Chyulu inatuhusu vipi?

Milima ya Chyulu ni safu ya volkano changa yenye urefu wa kilomita 100 hivi, kati ya barabara ya Mombasa na nyanda za Amboseli. Kilele chake cha juu kinakaribia mita 2,200. Inagusa kaunti tatu: Makueni, Kajiado na Taita Taveta. Sehemu kubwa ya upande wetu ni Mbuga ya Kitaifa ya Chyulu, iliyotangazwa rasmi mwaka 1983 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Aliyewahi kupanda milima hiyo ameona ajabu moja: juu kuna msitu wa ukungu na nyasi ndefu, lakini hakuna mto. Mawe ya volkano yana matundu mengi. Mvua na ukungu vinapodondosha maji, ardhi huyanywa yote, kisha maji husafiri chini kwa chini na kutokea kwenye chemchemi zilizo chini ya milima. Chemchemi za Mzima, zinazopeleka maji hadi Mombasa kwa bomba, hulishwa na Chyulu. Chemchemi za upande wetu pale Makindu na Kibwezi, Umani ikiwa mojawapo, pia huitegemea.

Kwa hiyo moto wa Chyulu unaligusa tangi letu la maji, mbali na kuwa hasara kwa wanyamapori na watalii. Nyasi zikiungua mara moja, mvua ikinyesha huota tena. Msitu ukiungua mara kwa mara, miti haipati nafasi ya kurudi, na nyasi huchukua mahali pake. Nyasi hizo zikikauka ni kuni za moto wa mwaka unaofuata.

Jambo hili limeshuhudiwa pia katika mlima mwingine tunaouona kutoka Emali asubuhi ya anga safi. Mwaka 2005 mtafiti Andreas Hemp alichapisha utafiti kuhusu Kilimanjaro uliolinganisha picha za setilaiti za mwaka 1976 na za mwaka 2000. Picha zilionyesha kwamba moto ulikuwa umeusukuma chini mpaka wa juu wa msitu. Hemp alieleza kuwa kupotea kwa msitu unaokamata ukungu kunaathiri maji ya mlima kuliko hata kuyeyuka kwa barafu ya kileleni. Mwezi wa Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua tena, na kilomita za mraba 95 hivi zikateketea. Sisi wa Emali tusidhani hayo ni ya Tanzania pekee, kwa kuwa maji ya bomba la Nolturesh hutoka katika miteremko ya mlima huo upande wa Oloitokitok.

Setilaiti inauonaje moto?

Watu wengi hudhani setilaiti hupiga picha ya miale ya moto jinsi tunavyopiga kwa simu. Sivyo. Setilaiti za moto huhisi joto.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Ukikaribisha kiganja kwenye jiko la makaa, unahisi joto kabla ya kuligusa: hiyo ndiyo mionzi yenyewe. Kitambuzi kilicho kwenye setilaiti hupima mionzi hiyo kutoka umbali wa kilomita 700 au 800 juu, kisha hulinganisha kila kipande cha ardhi na vipande vinavyokizunguka. Kipande kimoja kikiwa na joto kuliko majirani zake kwa kiasi kisicho cha kawaida, programu hukitia alama kuwa huenda kina moto. Alama hiyo ndiyo tunayoiona kwenye ramani kama doa jekundu.

Vitambuzi viwili ndivyo vinavyotumika zaidi. Cha kwanza kinaitwa MODIS, nacho kimo katika setilaiti mbili za Marekani: Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na Aqua, iliyorushwa Mei 2002. Cha pili, VIIRS, ni kipya na kinaona vizuri zaidi. Kimo katika setilaiti tatu, zilizorushwa mwaka 2011, 2017 na 2022. Setilaiti za VIIRS hupita juu yetu karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku.

Taarifa zote hukusanywa na shirika la anga la Marekani, NASA, katika mfumo unaoitwa FIRMS. Kwa kawaida doa huonekana kwenye ramani ndani ya saa tatu baada ya setilaiti kupita.

Kuna pia setilaiti za Ulaya za Meteosat, ambazo zimesimama juu ya Afrika kwa umbali wa kilomita 36,000 na kutazama bara zima kila baada ya dakika chache. Hizo hazikosi saa, lakini kwa kuwa ziko mbali, moto mdogo huzipita.

Doa moja ni ekari ngapi?

Hapa ndipo wengi hukosea.

Doa kwenye ramani huonekana dogo, mithili ya ncha ya kalamu. Kwa kweli linawakilisha kipande kizima cha ardhi. Kwa MODIS, kipande hicho ni kilomita moja kwa kilomita moja, sawa na ekari 247. Kwa VIIRS ni mita 375 kwa mita 375, yaani ekari 35 hivi. Doa huwekwa katikati ya kipande, lakini moto wenyewe unaweza kuwa kwenye kona yoyote ya kipande hicho.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye ekari tano karibu na mpaka wa mbuga. Jirani yake anachoma mabua, upepo unavuma, kichaka kinashika moto. Doa la VIIRS linaweza kuangukia shamba la mkulima huyu ambaye hakuwasha hata kiberiti. Hivyo doa haliwezi kutumiwa kumshtaki mtu. Linachosema ni kwamba mahali fulani ndani ya eneo hili, saa hii, palikuwa na joto kubwa.

Wala doa halisemi kwamba ekari zote 35 zimeungua. MODIS inaweza kuutambua moto wenye ukubwa wa mita za mraba 1,000, ambazo ni robo ekari, na hali ya hewa ikiwa nzuri sana huona hata mdogo zaidi. Moto mdogo wenye joto kali na moto mkubwa vinaweza kutoa doa linalofanana.

Kutoka doa hadi mwenendo

Doa la leo linamsaidia askari wa wanyamapori ajue aelekee wapi. Madoa ya miaka mingi yakiwekwa pamoja hutuambia jambo kubwa zaidi, kwamba moto una mazoea yake.

Hatua ya kwanza ni kuyapanga kwa miezi. Ukanda wetu una misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kati yake kuna kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba, na kingine kifupi cha Januari na Februari. Nyasi zilizoota wakati wa mvua huwa kuni wakati wa kiangazi, na kadiri siku zinavyosonga ndivyo zinavyozidi kukauka. Moto wa Julai unaweza kuzimika wenyewe kwenye umande. Moto huo huo ukiwashwa mwisho wa Septemba, unaweza kuvuka kilima.

Hatua ya pili ni kuyapanga kwa mahali. Mwaka mmoja madoa huonekana yametawanyika ovyo. Ukiweka miaka kumi juu ya ramani moja, unaanza kuona sehemu zinazojirudia: kando ya njia, ukingo wa msitu na nyasi, mipaka ya mashamba. Sehemu inayoungua kila baada ya mwaka mmoja au miwili ina sababu inayojirudia, na sababu inayojirudia inaweza kushughulikiwa.

Hatua ya tatu ni kuyalinganisha na mvua. Watu wengi hudhani mwaka wa ukame ndio mwaka wa moto. Kwenye nyika mambo mara nyingi huwa kinyume. Ukame ukiendelea muda mrefu, nyasi haziotei na zilizopo huliwa na mifugo, hivyo moto hukosa chakula. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Madoa yakipungua katika kipindi cha namna hiyo, tusijisifu kwamba tumeulinda mlima. Huenda hapakuwa na cha kuungua.

Hatari kubwa huja mvua nyingi inapofuatwa na kiangazi kirefu. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, na masika ya 2024 yakaleta mafuriko sehemu nyingi nchini. Mvua ya namna hiyo hujaza mabwawa na kuleta malisho, lakini pia huacha nyasi ndefu mlimani. Mwenye kuangalia mvua ya Aprili anaweza kujua mapema kama Septemba itakuwa ya kuchunga.

Mwenendo huu unaonekana hata kidunia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science, uliotumia rekodi za setilaiti, ulionyesha kuwa eneo linaloungua duniani kila mwaka lilipungua kwa takriban robo kati ya 1998 na 2015. Upungufu mkubwa ulitokea kwenye nyika, zikiwemo za Afrika, kwa sababu mashamba na mifugo vimezikata nyasi vipande vipande. Kwa hiyo moto kupungua kunaweza kuwa na maana nyingi, na kila mahali lazima patazamwe penyewe.

Makovu hayafichiki

Madoa yana udhaifu mmoja mkubwa: moto usipowaka wakati setilaiti inapita, hauonekani. Moto wa nyasi ulioanza saa tatu asubuhi na kuzimwa saa tano unaweza kukosekana kabisa kwenye rekodi. Mawingu nayo huficha, na Chyulu ni mlima wa mawingu. Tanuri la makaa lililofunikwa kwa udongo halitoi joto la kutosha kuonekana kutoka juu.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia pia aina ya pili ya ushahidi, yaani kovu la moto. Mimea hai hurudisha kwa wingi aina moja ya mwanga wa infraredi. Ardhi iliyoungua huirudisha kidogo, lakini hurudisha zaidi aina nyingine yenye mawimbi marefu. Ukilinganisha picha ya kabla na ya baada, eneo lililoungua hujitokeza wazi kwa wiki kadhaa, hata kama hakuna aliyeuona moto ukiwaka.

Setilaiti zinazofaa kwa kazi hii huona kwa undani zaidi. Landsat za Marekani huona vipande vya mita 30 kwa mita 30, chini ya robo ekari, na kwa kuwa mbili zinapishana, mahali hupigwa picha kila baada ya siku nane. Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, huona hadi mita 10 na hurudi kila baada ya siku tano. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake zote hutolewa bure. Hiyo ina maana kwamba mtafiti anaweza kurudi nyuma hadi siku za ujana wa wazee wetu na kuona kingo za msitu zilikuwa wapi.

Kazi ya namna hii imewahi kufanywa Chyulu kwenyewe. Watafiti Peter Kamau na Kimberly Medley walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu moto wa Chyulu na maisha ya watu wanaoizunguka, ambao uliunganisha picha za setilaiti na maelezo ya wakazi. Kilicho muhimu kwetu ni namna walivyofanya: picha peke yake haikutosha, ikabidi watu waulizwe.

Tahadhari tatu kwa anayehesabu

Vyombo vya habari na hata maafisa wakati mwingine hutaja idadi ya madoa kana kwamba ni idadi ya mioto. Kabla ya kuamini hesabu hiyo, kumbuka haya.

Kwanza, moto mmoja unaweza kutoa madoa mengi. Ukiwaka siku tatu na kusambaa, utahesabiwa na kila setilaiti inayopita, mchana na usiku. Madoa 40 yanaweza kuwa moto mmoja.

Pili, setilaiti zimeongezeka. Mwaka 2005 tulikuwa na MODIS mbili tu. Leo kuna pia VIIRS tatu zinazoona vitu vidogo zaidi. Ukijumlisha kila kitu, ramani ya leo itakuwa na madoa mengi hata kama moto haukuongezeka. Anayetaka kulinganisha miaka lazima atumie setilaiti ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hata hiyo ina mwisho wake, kwani Terra na Aqua zimezeeka, na saa zake za kupita zimeanza kusogea.

Tatu, si kila joto ni moto wa nyika. Viwanda vyenye tanuri na hata mng'ao wa jua kwenye mabati huweza kuidanganya programu. Kila doa huja na kiwango cha uhakika, chini, wastani au juu. Kitazame kabla ya kumwambia mtu.

Setilaiti haimjui aliyewasha

Tumefika kwenye swali gumu la pale sokoni: nani amewasha?

Sababu za moto Chyulu zinajulikana na wote wanaoishi karibu. Kuna mrina asali anayefukuza nyuki kwa mwenge kisha akauacha kwenye nyasi. Kuna mchomaji makaa. Kuna mwindaji haramu anayetaka nyasi mbichi ziote ili wanyama waje, na mfugaji anayetaka malisho mapya. Kuna mkulima anayesafisha shamba kabla ya vuli, akaamini upepo umelala. Mara chache kuna radi.

Kwenye ramani, watu hao wote huacha doa la rangi moja.

Hili ni jambo la kuzingatiwa sana hapa kwetu. Emali ni mji wa mpakani, ambapo Mkamba na Mmaasai hukutana kila siku ya soko na kuuziana ng'ombe, mbuzi, nyanya na mahindi. Moshi ukionekana, lawama huvuka mpaka haraka kuliko moto wenyewe. Wakulima husema ni wafugaji, na wafugaji husema ni warina asali. Ramani ikiletwa mbele ya watu wenye hasira inaweza kuwa silaha, na madoa hayakutengenezwa kwa kazi hiyo.

Yakitumiwa vizuri, madoa hayo hayo yanaweza kupunguza lawama. Ikijulikana kwamba moto ulianza saa saba mchana upande wa mashariki wa kilima na kufika magharibi usiku, ubishi kuhusu ulianzia wapi huisha. Ikijulikana kwamba kila mwaka moto huanza karibu na njia ile ile wiki chache kabla ya vuli, mazungumzo hutoka kwa nani na kwenda kwa kitu gani kinachofanyika pale wakati huo. Swali hilo hujibiwa na mzee wa kijiji, mrina asali, mchungaji na mama anayechota maji pale. Hakuna chombo cha angani kinachoweza kulijibu kwa niaba yao.

Upande wa Kajiado na mbugani kuna sababu nyingine ya kushirikiana. Mradi wa kaboni wa Chyulu unaziunganisha KWS, Huduma ya Misitu Kenya (KFS), mashirika ya uhifadhi na jamii za Wamaasai, na mapato yake hutegemea miti iendelee kusimama. Anayenunua kaboni huko ng'ambo hutaka ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo hutoka angani.

Tufanye nini kabla ya kiangazi?

Kujua kwamba moto una mazoea kuna faida moja kubwa. Tunaweza kuutangulia. Hekima ya wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta inafaa hapa kuliko mahali pengi.

Mikanda ya kuzuia moto ifyekwe kati ya Juni na Julai, wakati nyasi bado zina umande, na ifyekwe pale ambapo rekodi za miaka zinaonyesha moto hupita. Kazi hii inafaa vikundi vya mwethya, kwa kupatana na KWS au KFS pale ambapo ardhi ni yao. Mkanda uliofyekwa mahali pasipo na historia ya moto ni jasho lililopotea.

Wafugaji wa nyuki wakiwa na mizinga ya kisasa na chombo cha kutolea moshi hawahitaji mwenge wa wazi. Afisa wa mifugo wa wadi anaweza kueleza jinsi ya kuanza.

Anayetaka kuchoma mabua au vichaka shambani kwake ajue kwamba Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, inasimamia jambo hilo, na kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto katika msitu wa umma bila kibali. Aanze kwa chifu, awaarifu majirani, na asichome mchana wa upepo. Njia bora zaidi ni kutochoma. Mabua ni chakula cha ng'ombe na mbolea ya udongo.

Makueni ilikuwa kaunti ya kwanza nchini kuwa na kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2015, na kupitia utaratibu huo wakazi hupendekeza miradi kuanzia mashinani. Kijiji kinachofika kwenye kikao cha wadi na ramani ya miaka kumi, kikionyesha mahali moto unaporudi na chemchemi iliyo chini yake, kina hoja nzito kuliko kinachosema tu kwamba moto unatusumbua. Huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na mkazi ana haki ya kuuliza gari na vifaa viko wapi kabla ya Septemba.

Utaalamu nao uko karibu kuliko tunavyodhani. Kituo cha kanda cha upimaji ramani kwa ajili ya maendeleo, RCMRD, kilianzishwa mwaka 1975 na kiko Kasarani, Nairobi, na kazi yake ni kuzisaidia nchi wanachama kutumia taarifa za setilaiti. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kuangalia ardhi, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya. Vijana wetu wanaosoma jiografia na kompyuta wana kazi ya kufanya hapa.

Jinsi ya kuangalia mwenyewe

1. Kwenye simu au kompyuta, tafuta maneno "FIRMS NASA" na ufungue ramani.

2. Sogeza ramani hadi Kenya, tafuta Emali kwenye barabara ya Mombasa, kisha shuka kusini hadi Chyulu.

3. Chagua tarehe. Unaweza kutazama saa 24 zilizopita au kurudi nyuma miaka mingi.

4. Gusa doa ili uone jina la setilaiti, saa na kiwango cha uhakika. Saa huandikwa kwa majira ya Greenwich, hivyo ongeza saa tatu. Ikisoma 10:30, kwetu ilikuwa saa saba na nusu mchana.

5. Ukitaka kulinganisha miaka, chagua setilaiti moja tu na miezi ile ile ya kila mwaka.

6. Kikundi kinaweza kujiandikisha kupokea ujumbe wa barua pepe kila doa linapotokea katika eneo lake.

7. Ukiona doa jipya, usilisambaze kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na jina la mtu. Mpigie mzee wa kijiji au chifu athibitishe kilichopo. Ukiuona moto wenyewe kwa macho, piga 999 au 112, au uwaarifu KWS au KFS walio karibu nawe, ukitaja mahali, ukubwa na upepo unakoelekea. Usiukabili peke yako.

Setilaiti itapita tena leo saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Itaandika ilichokiona na kuendelea na safari. Sababu ya moto huo tunaijua sisi tunaoishi chini ya mlima, na kiangazi kijacho kinatupa nafasi ya kuuzuia kabla haujawa doa.